Kompyuta ya sebuleni kwa bajeti ndogo: mtumba wa ofisini, N100, Raspberry Pi au kuunda mwenyewe?

Kuna mtu mmoja ambaye makala haya hayamfai, nimwambie mapema asipoteze muda. Kama unachotazama ni Netflix na huduma nyingine za kulipia kwa mwezi tu, usinunue kompyuta. Huduma hizo huifunga picha ya 4K kwa kufuli za hakimiliki, na ukizifungua kwenye kivinjari cha Linux hupewi 4K hata mashine yako iwe na nguvu za trekta. Kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya runinga kitakutosha, tena kina rimoti yake.

Kompyuta ya sebuleni ni ya mwenye maktaba yake mwenyewe: filamu alizozihamisha kutoka kwenye diski zake, video za harusi na za watoto, muziki, rekodi za mechi. Huyo ndiye naongea naye, na nachukulia kwamba kila kifaa akinunuacho kinamuuma mfukoni.

Kinachoamua si ukubwa wa prosesa

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa kikompyuta cha mtumba chenye i5-6500T. Muuzaji aliniapia: "Bosi, hii ni i5, haikatai kitu." Na wiki ya kwanza haikukataa. Filamu za 1080p zilikwenda kama maji. Jumamosi nikaweka filamu ya 4K. Feni ikaanza kulia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, picha ikawa inaganda kila baada ya sekunde mbili tatu, sauti ikatangulia mbele. Binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona anaongea kabla hajafungua mdomo?"

Muuzaji hakudanganya kuhusu i5. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo sahihi.

Video yoyote unayoicheza imebanwa kwa kodeki fulani: H.264, HEVC, VP9 au AV1. Ndani ya chipu ya picha kuna kisehemu kidogo ambacho kazi yake ni moja tu, kung'amua video hizo, kama king'amuzi cha runinga kilichofinywa kikawa ukubwa wa chembe ya mchanga. Kisehemu hicho kikiijua kodeki yako, prosesa inasinzia, feni iko kimya, mashine inakula umeme kiduchu. Kisipoijua, kazi yote inaangukia prosesa kuu, nayo inaifanya kwa ubavu mpaka ichoke. Filamu yangu ilikuwa HEVC ya biti 10, yaani yenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8, kama zilivyo karibu filamu zote za 4K zenye HDR, ule mfumo wa picha yenye mwangaza na rangi pana zaidi. Intel kizazi cha 6, kilichotoka mwaka 2015, kinang'amua HEVC ya biti 8 peke yake. Biti 10 zilikuja na kizazi cha 7. Namba moja tu pembeni ya jina, lakini ndiyo iliyoniharibia Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ina RAM ngapi?", pitia hapa kwanza:

| Chipu | H.264 | HEVC biti 8 | HEVC biti 10 | VP9 | AV1 |
|---|---|---|---|---|---|
| Intel kizazi cha 6 | ndiyo | ndiyo | hapana | nusunusu | hapana |
| Intel kizazi cha 7 hadi 10 | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Intel N100 | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| Ryzen 2200G, 3200G, 5600G | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Raspberry Pi 4 | hadi 1080p | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |
| Raspberry Pi 5 | hapana | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |

Kizazi cha Intel utakijua kwa tarakimu zinazofuata kistari: i5-7500 ni cha 7, i3-10100 ni cha 10. Herufi T mwishoni, kama kwenye i5-8500T, maana yake ni toleo la wati 35 linalotoa joto kidogo. Sebuleni hiyo T ni rafiki yako.

Mtumba wa ofisini dhidi ya kiboksi cha N100

Ushindani wenyewe uko hapa. Njia nyingine mbili nitazifikia, lakini watu wengi wenye bajeti ndogo wataishia kwenye moja ya hizi.

Upande mmoja kuna vile vikompyuta vya ofisini vyenye ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini. Makampuni huvinunua kwa mamia na kuvitoa vyote siku moja, ndiyo maana bei ya mtumba inashuka sana. Kasha ni la chuma, RAM inabadilishwa, ndani kuna nafasi ya SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi, na mara nyingi ya diski ya inchi 2.5 pia. Vimetengenezwa kuwaka kutwa nzima mezani kwa mhasibu bila kumsumbua, na hiyo ndiyo tabia unayoitaka chini ya runinga.

Upande wa pili kuna viboksi vipya vyenye Intel N100, chipu iliyotangazwa Januari 2023. Ina koa (viini vya prosesa) nne ndogo na imekadiriwa wati 6. Ukiilinganisha na i5-8500T yenye koa sita, kwa kazi nzito itaachwa nyuma. Lakini kucheza filamu si kazi nzito ikiwa king'amuzi kipo, na cha N100 kinajua zaidi kuliko cha i5 hiyo, kwa sababu kinaifahamu AV1. Angalizo: muuzaji akikupa N5105 na kukwambia "ni ile ile", si ile ile. N5105 haina AV1.

Je, AV1 ni ya lazima? Kwa leo, nadhani hapana. YouTube mara nyingi huwapa VP9 wasio na AV1, na filamu za diski ni H.264 au HEVC. Ila mafaili ya AV1 yanazidi kuenea kwa sababu yanabana vizuri, na mashine ya sebuleni hukaa miaka mingi bila mtu kuikumbuka. Mimi naihesabu AV1 kama bima: nitailipia kidogo, si maradufu.

Umeme ndio unaomuumbua mtumba, hasa kama mashine inawaka saa 24 ikihudumia pia simu na runinga nyingine za nyumbani. Tuseme mashine moja inavuta wastani wa wati 8 na nyingine, ile ya mezani ya zamani yenye kasha kubwa, inavuta 40. Kwa mwaka mzima ya kwanza inakula takriban uniti 70, ya pili 350. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayolipa, halafu zidisha kwa miaka minne. Wakati mwingine mashine ya bei chee ndiyo ghali. Vikompyuta vidogo vya T haviko mbali hivyo na N100, ndiyo maana nasema chukua kidogo, si kile kikubwa cha mezani hata wakikupa karibu na bure.

Ubaya wa viboksi vya N100 ni kwamba chipu ni moja lakini watengenezaji ni utitiri. Kuna wenye kifeni kidogo kinachopiga mluzi mwembamba usioisha, na hakuna kinachochosha sikio kama mluzi katikati ya tukio la kimya kwenye filamu. Kuna wasio na feni kabisa, wanaotegemea kasha la alumini kupoza. Hao ndio bora kwa sebule, mradi usiwafungie ndani ya kabati. Kwenye baadhi RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua GB 8 utazikwa nazo.

Sasa mtego wa mtumba ambao haumo kwenye jedwali: tundu la HDMI. Prosesa ya kizazi cha 7 au 8 inaing'amua 4K vizuri, lakini tundu la HDMI la mashine nyingi za wakati huo ni la toleo la 1.4, linaloishia 4K kwa 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Filamu yenyewe itapita, kwa sababu filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Kinachokera ni menyu zinazoburuzika, na mechi zilizorekodiwa kwa fremu 50 au 60 ambazo hazitakuwa laini. Dawa ni kutumia tundu la DisplayPort, ambalo vikompyuta hivyo vingi vinalo, pamoja na adapta ya kwenda HDMI yenye chipu yake ndani na iliyoandikwa wazi 4K 60 Hz. Adapta za bei ya karanga hazifiki huko. Ihesabu kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na chaja, maana mitumba mingine huuzwa bila chaja na chaja yake si ya kuokota popote.

Kama runinga yako ni ya 1080p na huna mpango wa kuibadilisha, aya nzima hiyo ipuuze. Tena hata ile i5-6500T iliyonitesa itakufaa, mradi hukusanyi mafaili ya biti 10.

Kuna jambo jingine linalompendelea mnunuzi mwenye subira. Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zikawa na mashine za kizazi cha 7 zisizo na pa kwenda. Kwako wewe unayetaka kuweka LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux unaowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki, hiyo ni neema: king'amuzi cha biti 10 kimo, na bei ni ya kuondoa mzigo. Kodi yenyewe haichagui sana. Ilianzia kwenye Xbox ya kwanza kabisa kwa jina la XBMC na ikabadilishwa jina mwaka 2014.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili: maktaba ya filamu na runinga ya 4K, kikompyuta cha mtumba cha kizazi cha 8 chenye T. Mashine itakayowaka usiku na mchana, au mtu asiyetaka kushika bisibisi, N100 isiyo na feni.

Raspberry Pi: nafuu mpaka uanze kuongeza

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina sifa moja ambayo kompyuta za kawaida hazina: inaelewa HDMI-CEC, yaani rimoti ya runinga yako inaiongoza bila kununua kitu kingine. Kwa nyumba yenye wazee na watoto, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Lakini soma jedwali tena. Pi 5 iliyotoka 2023 imeondoa king'amuzi cha H.264. Watu waliposikia walikasirika. Kwa kweli prosesa yake inazimudu filamu za H.264 za 1080p kwa ubavu wake. Tatizo ni YouTube ya 4K, ambayo ni VP9 au AV1, na Pi haina king'amuzi cha yoyote kati ya hizo. Halafu bei ya bodi si bei ya mashine. Ongeza chaja inayofaa, kasha, kipoza joto, kadi ya kumbukumbu, na kebo ya HDMI ndogo kwa sababu matundu yake si ya kawaida. Ukimaliza kujumlisha, mara nyingi unajikuta jirani na mtumba uliokamilika na SSD yake ndani. Kama tayari unayo Pi 4 iliyojaa vumbi kwenye droo, itumie. Kuinunua upya kwa kazi hii, siishauri ila kwa hiyo CEC.

Kuunda mwenyewe

Nakiri napenda kuunda, na nakiri pia kwamba kwa filamu tupu haikulipi. Inakulipa ukitaka mambo mawili: kucheza gemu kwenye runinga, au kuweka diski tatu nne ndani ya kasha moja.

Kwa prosesa za AMD, shika herufi G mwishoni mwa jina. Ryzen 5 5600G ina chipu ya picha. Ryzen 5 5600 haina, na utakaa mbele ya skrini nyeusi ukidhani bodi imekufa. Kwa Intel kinyume chake, ikimbie F: i3-12100 ina picha, i3-12100F haina. Wauzaji hupenda kukusukumia F kwa sababu ni nafuu, ila itakulazimu kununua kadi ya picha.

Bodi mama ndiyo inayoamua HDMI, si prosesa. Bodi nyingi za A320, zile za bei nafuu za AMD, zina HDMI ya 1.4, na hapo 5600G yako inarudi kwenye 30 Hz ile ile. Fungua ukurasa wa mtengenezaji, soma mstari wa HDMI, ndipo ulipe. RAM weka vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8. Chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa inakopa RAM hiyo hiyo, na vipande viwili vinaipa njia mbili. Kwa gemu tofauti inaonekana kwa macho.

Pawa saplai ya wati 300 hadi 400 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inatosha na kubaki. Usinunue ya wati 750 isiyo na jina; hapo ndipo sipendi kubana hela, kwa sababu ikiungua haiungui peke yake. Feni, chagua kubwa inayozunguka polepole, ya milimita 120, kuliko ndogo inayokimbia.

Na wale wenye kompyuta ya zamani ya mezani wanaotaka kuifufua kwa kadi ya picha? GT 710 iache, haijui HEVC na HDMI yake ni ya 1.4. GT 1030 inang'amua HEVC ya biti 10 lakini si AV1. RX 6400 ni mpya zaidi na bado haina AV1, jambo lililonishangaza. Intel Arc A310 na A380 zina AV1, ingawa zinapenda bodi za karibuni. Kabla ya yote pima kasha: makasha membamba ya ofisini yanapokea kadi za nusu kimo tu.

Diski, RAM na mtandao

RAM haina mjadala mrefu. LibreELEC inatosheka na GB 4, Windows ipe 8.

Diski gawanya kazi. SSD ndogo, hata GB 120, kwa ajili ya mfumo, ili mashine iwake kabla chai haijapoa. Filamu ziweke kwenye diski ngumu ya kawaida inayozunguka, ya nje au ya ndani. Watu hulipia SSD kubwa kwa ajili ya filamu wakidhani itaondoa kukwama, haitaondoa. Filamu ya 4K iliyonakiliwa kutoka diski bila kubanwa tena, tuseme megabiti 60 kwa sekunde, inahitaji megabaiti 7.5 tu kila sekunde, na diski ngumu ya kawaida inatoa karibu 100. Kinachobadilika ni muda wa kunakili: saa mbili za filamu hiyo ni GB 54, ambazo kwa USB 2.0 ni kama nusu saa, kwa USB 3.0 ni kama dakika tisa. Chagua tundu la bluu, ndilo la USB 3.0.

Kama mafaili yako yanatoka chumba kingine, tandika kebo. Diski za 4K zinaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde, na hapo hata kebo yenye tundu la mtandao la megabiti 100 inazidiwa, sembuse Wi-Fi ya 2.4 GHz inayogombaniwa na simu zote za nyumbani.

Sauti na rimoti

Ukitumia spika za runinga au sabufa yenye spika mbili, usilipe hata senti moja kwa ajili ya sauti; HDMI inaibeba. Mwenye mfumo wa 5.1 na kuendelea ndiye wa kuwa macho. Waya wa mwanga hubeba Dolby Digital ya kawaida, haubebi TrueHD wala DTS-HD, zile sauti nzito za diski. Pitisha HDMI kwenye risiva kwanza, kisha runinga, au hakikisha runinga na upau wa sauti vyote vina eARC, njia ya HDMI inayorudisha sauti hizo kutoka runinga kwenda upau wa sauti. Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, nayo usiitegemee kwenye kompyuta. HDR10 ndiyo ya kuihesabia.

Kwenye mipangilio ya Kodi washa ile ya kubadilisha kasi ya skrini ifuate video. Bila hiyo, fremu 24 za filamu hugawanywa kwenye 60 Hz, fremu moja ikionyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na kamera inapogeuka polepole utaona picha inachechemea. Wengi hulaumu mashine kwa jambo hili na kwenda kununua nyingine.

Rimoti: kipokezi cha infraredi cha USB na rimoti yoyote ya zamani, au kibodi ndogo yenye paneli ya kugusa. Simu inaweza pia, mpaka pale simu inapoita katikati ya filamu.

Siku ya kununua mtumba, nenda na flashi yenye mafaili matatu: filamu fupi ya 1080p ya H.264, kipande cha 4K cha HEVC biti 10, na kimoja cha VP9. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, fungua Task Manager upande wa GPU, cheza kipande cha 4K kwa dakika tano ukitazama grafu iliyoandikwa Video Decode. Ikipanda hiyo huku prosesa ikibaki chini, king'amuzi kinafanya kazi. Ikibaki sifuri huku prosesa ikigonga 100, jaribu programu nyingine ya kuchezea, kwani huenda kosa ni la programu. Ikirudia vile vile, mrudishie muuzaji mashine yake. Na kabla hujatoka, iname uweke sikio karibu na feni.